Geuza Kibao Uone Mgongo Wake: kwa mnaoanza kuchunguza namna wazo la kisanii linavyokua

Kila mwaka hunijia vijana wawili watatu wanaotaka kuandika tasnifu juu ya ubunifu. Nikiwauliza ubunifu wa nani, katika kitu gani, kuanzia mwaka upi hadi upi, wananyamaza. Nawaelewa, maana nami nilianza hivyohivyo. Mwaka wangu wa kwanza niliumaliza nikisoma maandishi yanayoeleza wazo jipya ni nini, na mwisho wake nilikuwa na madaftari matatu yaliyojaa maneno makubwa, ila sikujua hata picha moja ilivyochorwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliyenitoa huko ni mzee mmoja mchoraji pale Oysterbay, Dar es Salaam. Nilikuwa nimeishika picha yake naisifia rangi, akaniambia, "Mwanangu, hebu geuza kibao uone mgongo wake." Nyuma kulikuwa na hesabu za deni la rangi, alama ya kidole cha buluu, na nusu ya twiga aliyeanzwa kwa penseli akaachwa. Nadhani kazi yangu ilianza siku ile.

Ninachokijua ni michoro ya Tingatinga, kwa hiyo nitazungumza kwa kutumia hiyo. Wewe huenda unafuatilia mitindo ya kanga, mapigo ya ngoma, au namna mafundi wanavyobuni milango ya Zanzibar. Mengi utayakuta yanafanana.

Kwa asiyeijua historia yenyewe: Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaingia Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora picha za kuuza. Alitumia rangi ya mafuta, ileile ya kupaka milango na baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Mwaka 1972 polisi walimdhania mtu mwingine wakampiga risasi, akafariki. Alichora kwa miaka minne tu. Waliobaki ni ndugu zake na watu wa kwao aliokuwa amewafundisha, akina January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi, Kasper Tedo na Simon Mpata, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji wakasajili chama chao cha ushirika. Leo jina lake limekuwa jina la uchoraji mzima, kiasi kwamba wanunuzi wengi hawajui kuwa lilikuwa jina la mtu. Kwa anayetaka kuona wazo likikua, hapa ni mahali pa heri: mwaka wa kuanzia unajulikana, warithi wa kwanza wanajulikana kwa majina, na kazi haijawahi kusimama.

Sasa ushauri. Punguza. Punguza tena. Mimi nilipoacha "ubunifu" nilikimbilia "wanyama katika Tingatinga", nako kukanishinda. Nikachagua rangi ya nyuma. Si tembo, si chui, si tausi, ila ile rangi iliyo nyuma yao ambayo macho huipita. Katika vibao vingi vya mwanzo, nyuma ni rangi moja imelala tu, nyeupe au njano au buluu, na mbele yake mnyama mmoja mkubwa, pengine na tawi la mti, basi. Ukipita leo barabara ya Haile Selassie, kwenye vibanda vya wachoraji, nyuma kuna machweo: njano inayeyuka kuwa chungwa, chungwa inaingia kwenye wekundu. Swali langu likawa fupi: rangi moja iligeukaje kuwa tatu? Kaka mmoja tuliyekuwa tukisoma naye alicheka akasema hilo si swali la shahada. Lakini nilikuwa na kitu ninachoweza kukipanga sakafuni. Unaweza kutandaza picha sitini ukaitazama rangi ya nyuma ya kila moja, ukahamisha hii hapa na ile pale. "Ubunifu" hutandazi popote.

Jibu la haraka nilikuwa nalo tayari, na nililiandika kwa kujiamini: watalii wanapenda machweo. Kisha nikaenda kukaa karakanani.

Mzee alikuwa kwenye kigoda, kibao mapajani. Pembeni makopo mawili yaliyofunguliwa kwa bisibisi, la njano na la chungwa, na kikombe cha plastiki chenye tina ya kuzimulia rangi. Akaanza na njano juu, akashuka kwa brashi pana hadi katikati. Akachukua brashi nyingine, akaanza na chungwa chini akipanda. Zilipokutana pakawa na mstari, kama ukuta uliopakwa nusu. Akaweka brashi, akatwaa kipande cha sponji la godoro alichokizungushia kitambaa, akaanza kugongagonga pale mpakani, kutoka kushoto kwenda kulia, akarudi, akaenda tena, mpaka mstari ukafa na usingeweza kusema njano imeishia wapi. Dakika chache tu. Akakiegemeza kibao ukutani, akavuta kingine. Na kingine. Nilipohesabu vilikuwa tisa, vyote vina machweo, hakuna hata kimoja chenye mnyama.

Nikamuuliza kwa nini hamalizi kimoja kwanza.

"Rangi hii haikauki leo," akasema. "Ukiitia nyeusi juu yake sasa hivi, inakula. Lazima ilale."

Kwa kuwa lazima ilale, na huwezi kukaa bure kutwa nzima ukiingoja, unaandaa nyingi kwa pamoja. Kwa kuwa unaandaa nyingi kwa pamoja, kazi ya nyuma inakuwa kazi ya peke yake, unaweza kumwachia kijana anayejifunza. Na kijana anayejifunza, akipewa kitu kimoja tu afanye wiki nzima, hapo ndipo anapotafuta pa kujionyesha. Ataongeza rangi ya tatu. Atajaribu zambarau. Niliwaona wawili wakishindana ni nani mpaka wake hauonekani kabisa. Kwa hiyo habari ya watalii ilikuwa kweli, ila ilikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa kwenye ukaukaji wa rangi, na nisingeiona kamwe kwa kusoma. Tangu hapo huwaambia wanafunzi: kabla hujaandika sentensi moja juu ya maana ya kitu, tazama kinatengenezwa kwa siku nzima, pamoja na zile saa ambazo hakuna kinachotokea.

Vifaa navyo husema mengi kuliko tunavyotaka kukubali. Bao zima la hadibodi huuzwa futi nne kwa nane. Ukilikata vipande vya futi mbili kwa mbili unapata vinane, hutupi hata ukanda. Ndiyo maana picha nyingi za mwanzo ni mraba wa sentimita 60 hivi kila upande. Sasa mweke twiga ndani ya mraba. Ama umchore mdogo na kuacha nafasi kubwa pembeni, ama umkunje shingo. Ndege vilevile, mkia utafika ukingoni na itabidi upinde. Zile shingo zilizopinda, ile mikia inayojizungusha kama kamba ya ndoo, watu wameziandikia kurasa na kurasa za falsafa. Sikatai falsafa. Nasema tu uanze na msumeno wa seremala, kisha upande huko. Baadaye walipoanza kutumia kitambaa cha amerikani kilichowambwa kwenye fremu, mnunuzi akawa anaweza kuikunja picha kama mkeka akaingia nayo kwenye ndege, na umbo likawa huru: picha ndefu nyembamba zikapata soko, twiga akasimama wima. Shingo ikanyooka. Nilipoziweka picha hizo kwa mfuatano nilitamani ningekuwa nimeliona jambo hilo miaka mitatu nyuma.

Kuna swali litakalokuvuta kama sumaku, nalo ni nani alianza na alitoa wapi. Mimi lilinilia mwaka na zaidi. Wapo wanaosema Tingatinga aliziona picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam miaka ya 60. Dai hilo si la ovyo. Kule Lubumbashi, enzi hizo ikiitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana mwaka 1946, na humo wakatoka wachoraji kama Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, na ndege na samaki na nyoka wao waliojazwa nukta na vistari. Wengine wanasema chimbuko ni michoro ya kuta za nyumba huko kusini alikozaliwa. Wengine wanataja vinyago vya Wamakonde. Kila upande una watu wanaousemea kwa uchungu, maana nyuma ya swali hilo kuna lingine la nani mwenye mali.

Ukiona umekwama hapo, fanya hivi: usilichukue wazo zima, livunje. Rangi ya mafuta ilitoka wapi? Dukani kwa vifaa vya ujenzi. Kibao? Hukohuko. Mnyama mmoja mkubwa katikati? Nukta mwilini mwake? Kumuuzia mgeni kandokando ya duka analonunulia mboga na mkate, kama ilivyokuwa pale Morogoro Stores, Oysterbay? Kila kipande kina njia yake, na kila njia inaweza kukaguliwa peke yake. Huenda nukta zina undugu na Kongo na mnyama hana. Huenda kuta za kusini zilimpa ujasiri wa kuchora tu, bila kumpa umbo lolote. Ukivunja hivyo mjadala unapoa na kazi inaanza kusogea.

Na usidhani kuwa jina la kitu limezaliwa pamoja na kitu. Mfano mzuri uko kwa majirani zetu wachongaji. Ile nguzo ya mpingo yenye watu wamepandiana mabegani, ambayo kila mtu anaiita ujamaa, simulizi inayokubaliwa na wengi humtaja Roberto Yakobo Sangwani kuwa ndiye aliyeileta Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 50. Husemwa kwamba yeye aliiita dimoongo, na ilimwonyesha mpiganaji mieleka aliyeshinda akibebwa juu na wenzake. Azimio la Arusha ni la mwaka 1967. Siasa ya ujamaa ilipoenea ikaikuta nguzo tayari imesimama, ikaipa jina, na jina likaanza kuchonga: mshindi wa juu akapoteza ushindi wake, watu wakaongezeka, wakawa familia, vizazi juu ya vizazi. Mwanafunzi anayeanza na jina atasema wachongaji walipokea siasa wakaichonga. Anayepanga vinyago kwa mfuatano ataona mambo yalivyokwenda kinyume, na hivyo inapendeza zaidi.

Kupanga kwa mfuatano, basi. Hapa ndipo nilipoangukia vibaya, na nalisimulia ili lisikupate. Nilikuwa na kibao cha hadibodi, mraba, nyuma nyeupe tupu, chui mmoja. Nikakiweka miaka ya mwanzo ya 70, nikakiandikia kurasa sita, nikasimama mbele ya watu kuzisoma. Katika wasikilizaji kulikuwa na wachoraji watatu nilioalika kwa heshima. Mmoja akanyoosha mkono, akaomba akishike kile kibao. Akakigeuza. Akasema kwa upole sana, kama mtu anayempa mwenziwe habari ya msiba, "Hiki nilikichora mimi mwaka juzi. Mteja alitaka ya kizamani."

Sikulala usiku ule. Kosa langu lilikuwa moja na lilikuwa kubwa: nilitumia mtindo kupata tarehe, kisha nikatumia tarehe kueleza mtindo. Nilikuwa nazunguka kama ng'ombe wa kinu. Wazo haliendi mbele kwa mstari mmoja, kwamba likishapata rangi tatu basi rangi moja imekufa. Ya zamani hubaki, huitwa tena mteja akiitaka, au mchoraji akiikumbuka. Kwa hiyo tarehe itafutwe nje ya mtindo: risiti, maandishi ya mnunuzi nyuma ya kibao, picha ya sebule ya familia ambamo mchoro umening'inia ukutani na mtoto aliyesimama chini yake anajulikana umri wake. Sahihi isikudanganye pia. Jina la Tingatinga lilipopanda bei, wengi waliliandika kwenye vibao ambavyo mkono wake haukuvigusa.

Wazee nao hawakumbuki miaka, na hakuna sababu waikumbuke. Wanakumbuka mambo. Nikitaka kujua picha ni ya lini huuliza: hii ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada? Mwalimu alikuwa bado Ikulu? Ni kabla ya mvua za El Niño? Kwa vita unapata 1978 na 1979, kwa Mwalimu unapata 1985, kwa mvua unapata 1997 kuingia 1998. Ukiwa na nguzo hizo tatu unaweza kuzungushia uzi. Na njiani utaokota yasiyoulizwa. Mzee mmoja, nilipomtajia miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, alisema hata rangi iliadimika, na mtu alichora kwa kopo alilolipata. Kulikuwa na msimu mzima, akasema, tulikuwa na kijani tu. Nikarudi kwenye picha zangu na kijani yote niliyoidhania upendo wa misitu nikaifikiria upya.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko idadi ya maswali. Miezi ya mwanzo nilikuwa nauliza, "Mzee, wazo hili ulilipata wapi?" Jibu lilikuwa, "Mungu tu, mwanangu." Ni jibu la kweli, naliheshimu, ila mazungumzo yalikuwa yanaishia hapo. Siku moja nilikwenda na picha mbili badala ya swali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umekuja na mizigo."

"Ni hizi mbili tu. Nilitaka unisaidie, ipi ilitangulia?"

Akazitazama kwa zamu, akaziinua kwenye mwanga. Akaweka kidole kwenye mguu wa twiga. "Hii ya kwanza. Ukwato huu tulikuwa tunaupiga mara moja, brashi inashuka, basi. Huu wa pili umepigwa mara mbili, unaona? Aliyeanza kupiga mara mbili ni mdogo wangu, alipokuja kutoka nyumbani. Tukamcheka. Baadaye watoto wote wakawa wanapiga kama yeye." Tulizungumza ukwato karibu nusu saa. Siku hiyo nilijifunza juu ya kuzaliwa kwa jambo jipya kuliko katika mahojiano yangu kumi yaliyotangulia, kwa sababu kitu kilikuwa mkononi na kumbukumbu ilikuwa na pa kushika.

Msidharau kunakili. Wageni wengi wanaoandika juu ya Tingatinga huanza kwa kusikitika kwamba wachoraji wanarudiarudia. Mtu aliyekulia kwenye ushairi wetu hapaswi kushangaa. Malenga akimjibu mwenzake mara nyingi hushika vina vilevile na mizani ileile, na humo humo ndimo anamoonyesha umahiri. Asiyejua kusikiliza atasema ni shairi moja. Mwanafunzi wa karakanani huanza kwa kurudia kibao cha mwalimu wake hadi mkono uzoee. Katika marudio mia, ya tisini na tisa yatakuwa yameteleza kidogo mahali fulani, na utelezi mmoja utamfurahisha mtu, utarudiwa kwa makusudi. Ukwato wa mara mbili ulikuwa hivyo. Kwa hiyo usiniletee picha moja bora. Niletee kumi zinazofanana, kisha tukae tutafute zinapotofautiana. Chukua karatasi inayoonyesha kilicho chini yake, weka juu ya picha, chora mistari mikuu, kisha ihamishie juu ya nyingine. Ni kazi ya kuchosha macho, na sina njia ya mkato ya kukupa.

Fuata pia matawi yaliyokwenda mbali. Simon Mpata alihamia Nairobi, na kazi zake zikapendwa mno na Wajapani, hata kuna hoteli Maasai Mara yenye jina lake. Mkono uliofundishwa Dar es Salaam, mji mwingine, wanunuzi wengine: ukilinganisha alichokibeba na alichokiacha unapata karibu jaribio, kitu ambacho katika fani yetu hakipatikani kwa urahisi.

Sasa neno juu ya vilivyokufa, maana hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Tunachokiona kwenye makusanyo, vitabuni, kwenye kuta za watu wa Ulaya, ni vile vilivyonunuliwa. Kila hatua ya historia tunayoiandika imepita kwenye mfuko wa mteja. Na ambavyo havikununuliwa? Hadibodi ni fedha. Kibao kikikaa miezi mingi bila mnunuzi, kinapakwa juu kikaanza upya. Nililigundua hili kwa bahati. Kibao kilikuwa kimedondoka, kona ikabanduka, na pale kwenye ufa kukaonekana tabaka: chungwa juu, chini yake buluu, chini ya buluu kitu cheusi chenye mkunjo, kama bega. Nilimuuliza mwenye kibao ni nini. Alifikiri kidogo akasema alikuwa amejaribu kumchora mkewe akisuka ukili, picha ya nyumbani tu, hakuna mnyama, na ilikaa hadi mvua za masika bila mtu hata kuulizia bei. Akaipaka. Nikamuuliza kama alijaribu tena. Akasema hapana.

Sijui niite nini hisia niliyokuwa nayo, nimeshika kibao chenye tembo mzuri na chini yake mwanamke anasuka. Tangu siku hiyo huwa natazama kingo za vibao kabla ya uso wake. Kwenye ukingo rangi hujikusanya, na mara nyingi utahesabu tabaka kwa jicho bila kubandua chochote. Tafadhali msibandue. Kibao si chako. Andika tu: tabaka ngapi, rangi zipi, na kama mwenyewe yupo, muulize kilichokuwa chini. Orodha yangu ya picha zilizofunikwa imefika ukurasa wa tano na ni sehemu ya kazi yangu ninayoipenda kuliko zote.

Mengine kwa ufupi, si kwa sababu ni madogo. Nunua angalau picha moja kwa bei kamili kabla hujauliza lolote. Ukipiga picha mtu au kazi yake, rudisha nakala zilizosafishwa, siyo ahadi. Chama cha ushirika kina uongozi. Anzia kwao, jitambulishe, eleza utaandika nini, maana wameshaona wengi waliokuja, wakachukua, wakapotea. Andika jina la kila mchoraji anayekubali kuandikwa, kama ambavyo ungetaka lako liandikwe. Na tunza daftari lako la kila siku kwa tarehe, hata ulipokosea. Lile la kwangu lenye "watalii wanapenda machweo" bado ninalo. Hunionyesha wazo langu mwenyewe lilivyobadilika, na lilibadilika kwa namna ileile ya ukwato, kidogo kidogo mahali nisipotazamia.

La mwisho lina haraka. Siku hizi mteja hasimami tena barabarani kuchagua. Anatuma picha kwa WhatsApp: nataka kama hii, ila ongeza mbuyu, punguza simba, tia jina la mtoto wangu. Mchoraji anajibu kwa picha ya kibao kikiwa nusu, mteja anasema hapana, nyekundu imezidi, na kibao kinabadilika tena. Mabishano yote ambayo kwa Tingatinga yalipita kwa mdomo pale Morogoro Stores yakapotea hewani, sasa yameandikwa, yana tarehe na saa, hatua kwa hatua. Yamo ndani ya simu zenye vioo vilivyopasuka, zinazojaa na kufutwa, zinazoibwa kwenye daladala, zinazouzwa kulipia ada ya mtoto. Kijana mmoja aliniambia amebadili simu mara nne tangu aanze kuchora. Kwa hiyo ukienda karakanani, ukishasalimia na kukaa na kuzoeleka, nenda na flashi yenye nafasi ya kutosha. Muombe mwenyewe akuonyeshe oda zake, chagueni pamoja zile anazoridhia, zihifadhi na tarehe zake, umwachie naye nakala. Mimi nimefanya hivyo kwa wachoraji saba. Kwenye vibanda vile wamo wengi zaidi, na peke yangu sitawafikia wote.